Nani Mwenye Kuandika? Waandishi wa Bede Tuliowaamini Huku Kibati

Siku tulipokutana kugawana kazi za kijitabu hiki, kila mtu alichukua yake haraka-haraka. Mmoja alichukua ndoa na mahari, mwingine ngoma, mwingine kilimo cha maharagwe kwenye udongo wa volkano. Sisi tukasema tutaandika juu ya bede, yaani vile vitabu vya hadithi za picha ambavyo ndugu zetu wa Tanzania wanaviita katuni. Muzee mmoja akatukatiza: "Bede? Ile ni mambo ya batoto. Njo mila gani ile?" Watu wakacheka, na sisi tukacheka nao, lakini tulirudi nyumbani na swali lile kichwani. Kurasa hizi ni jibu letu kwake. Muzee atusamehe kama ni refu.

Kwa msomaji asiyetujua, Kibati iko kaskazini ya mji wa Goma, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, chini ya mulima Nyiragongo. Wageni waliopanda kuangalia volkano walianzia kwetu, kwenye posti ya walinzi wa Hifadhi ya Virunga. Duka la vitabu sisi hatukupata kuliona hapa. Tulichokuwa nacho ni yaya mmoja wa kartie aliyekuwa na sanduku la bati. Alitandika gunia chini, akapanga bede zake juu yake, na kwa pesa kidogo ulikaa palepale juu ya jiwe, ukasoma, ukarudisha. Kwenda nacho nyumbani, hapana. Mmoja alilipa na watano walisikiliza, kwa sababu maandishi yalikuwa ya Kifaransa na si kila mtoto alikijua. Msomaji alitafsiri papo hapo kwa Kiswahili chetu, na pale asipofahamu aliongeza ya kwake. Basi tangu mwanzo hadithi zile zilikuwa na waandishi wawili, yule wa Ulaya na yule wa juu ya jiwe, na tulijua vizuri nani kati ya wenzetu "anadanganya kitabu".

Zilizokuwa nyingi sandukuni ni zile ndogo za rangi nyeusi na nyeupe zilizotoka Italia na Ufaransa: Blek, Akim, Zembla. Jina la shujaa liliandikwa kubwa, la mwandishi ulilitafuta mpaka macho yakauma. Wengine wetu waliamini kwamba Zembla ameandikwa na Zembla mwenyewe. Tintin alikuwa na jina la mwenyewe juu ya jalada, Hergé, na ndiye wa kwanza tuliyemjua kuwa ni mtu. Baadaye masomoni tuliambiwa kwamba huyu Hergé alianza kuchora safari ya Tintin Kongo mwaka 1930 bila yeye kukanyaga Kongo hata siku moja. Tulishangaa. Mtu anachora nchi asiyoiona, na sisi tulikuwa tumemlipia.

Tena kulikuwa na Kouakou. Hili lilikuwa gazeti dogo la watoto lililotolewa na Wafaransa, likagawanywa bure katika shule za nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1960 hadi ya 1990. Hadithi zake ziliandikwa na Serge Saint-Michel na kuchorwa na Bernard Dufossé, mwaka nenda mwaka rudi, wawili walewale. Sisi hatukumsikia mtoto akisema Kouakou ya leo haina ladha. Tunalitaja mapema kwa sababu mbele tutasema maneno makali juu ya vitabu vya bure, na haki lazima itendeke.

Sasa tumrudie muzee wetu. Tunamkumbusha jambo analolijua kuliko sisi. Zamani jioni, tate zetu walipokusanya watu jikoni wakati maharagwe yanaiva, swali la kwanza halikuwa "hadithi gani?" Swali lilikuwa "leo nani anasimulia?" Hadithi zenyewe kila mtu alikuwa anazijua. Kulikuwa na msimuliaji aliyerefusha kusudi pombe izidi kuletwa. Kulikuwa na yule aliyekata mwisho kwa kuwa usingizi umemshika. Na kulikuwa na yule ambaye akianza, hata wamama waliokuwa na kazi nje waliingia. Huyo alikuwa na tabia tatu. Sungura wake alibaki sungura. Hakugeuka mjinga ghafla eti kwa sababu msimuliaji anatafuta njia ya kumaliza. Hakukuacha njiani. Na usiku ambao hakuwa na kitu, alisema sina kitu, akanyamaza. Tabia hizo tatu ndizo tulizokuja kuzitafuta kwenye bede, bila kujua kwamba tunazitafuta.

Tuanze na waliozikosa. Wakati wa Wabelgiji, mwisho wa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, serikali ya koloni ilikuwa na gazeti la picha liitwalo Nos Images, na ndani yake familia ya Mbumbulu. Baba Mbumbulu anavaa vizuri, anaosha mikono, anatii, na kila ukurasa unaisha na funzo. Picha si mbaya. Lakini jaribu kumsimulia mtoto wa leo vituko vya Mbumbulu, utaona anaangalia mlango. Mbumbulu hana njaa yake mwenyewe, hana uongo wake mwenyewe. Kila neno analosema limewekwa kinywani mwake na mtu mwingine anayesimama nyuma ya karatasi.

Kisha likaja Jeunes pour Jeunes, Kinshasa, mwaka 1968, lililoanzishwa na Achille Ngoye na Freddy Mulongo. Gazeti la vijana, la wachoraji vijana, na watu wake walisema ile lugha ya vijana wa Kinshasa waliyoiita Hindubill, Lingala iliyochanganywa na Kifaransa na kila kitu. Polisi Apolosa alitoka humo. Baada ya hapo jina la gazeti lilibadilishwa likawa Kake, na mambo yakazidi kuwa magumu, lakini njia ilikwisha kufunguliwa. Katika miaka ya 1970 Mongo Sisse alichora Mata Mata na Pili Pili, mnene na mwembamba, watu wawili waliokwisha kujulikana katika filamu fupi za wakati wa koloni; miaka ya 1980 akawa na Bingo wake. Tazama jina Pili Pili: hata wenye filamu zile walipotaka jina linalowasha walilikuta kwenye Kiswahili. Sisi wa mashariki tunafurahia kitu kidogo kama hicho, msituchekee.

Lakini ukituuliza ni nani katika Kongo yote wasomaji walimwamini kuliko wengine, tutasema Papa Mfumu'Eto wa Kwanza. Tangu mwaka 1990 alichora mwenyewe, akaandika mwenyewe kwa Lingala, akachapisha mwenyewe kwenye karatasi hafifu, na wauzaji wakatembeza njiani na sokoni Kinshasa kwa bei ambayo hata muuza maji aliiweza. Kitabu kilichompa jina ni kile cha mkubwa mmoja anayegeuka chatu, anameza mwanamke, halafu anatapika dola. Ulikuwa mwisho-mwisho wa Mobutu, mshahara haulipwi, na watu wenye pesa walizidi kunona bila mtu kujua wanafanya kazi gani. Mji mzima ulikuwa unanong'ona hadithi kama hiyo. Mfumu'Eto hakuitunga tu. Aliisikia, akaipa sura, akairudisha kwa wenyewe. Hakusema ni nani yule chatu. Kila msomaji alijaza jina mwenyewe, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusema kwamba mwandishi amedanganya.

Sisi tuliiona moja tu kati ya bede zake, imeletwa na ndege ndani ya mizigo ya askari. Lingala kwetu wakati huo ilikuwa lugha ya askari na ya muziki, hatukuisoma vizuri. Hata hivyo ilishikwa na mikono mingi mpaka kurasa za katikati zikatoka. Michoro yake, tuseme kweli, si mizuri kwa macho ya mwalimu wa sanaa. Mikono mirefu, vichwa vikubwa, mistari inayokimbia. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kupendeza na kuaminika si kitu kimoja. Kuna wachoraji tunaowajua wenye mkono wa ajabu, na hadithi yao ukiifikisha katikati unalala.

Barly Baruti ana vyote viwili, na huyu tunamwita wetu kwa sababu alizaliwa Kisangani mwaka 1959, na Kisangani Kiswahili ni lugha ya nyumbani sawa na kwetu. Alianza na kazi za kuagizwa, kama kile kitabu cha mwaka 1982 juu ya kutunza mazingira. Mwaka 1987 alichora maisha ya Papa Wemba na Viva la Musica. Kule Kinshasa alisaidia kuanzisha karakana ya kufundisha vijana kuchora. Baadaye akavuka: pamoja na Mfaransa Frank Giroud alitoa Eva K, kisha Mandrill kuanzia mwaka 1998, hadithi za Paris ya baada ya Vita vya Pili. Mtoto wa Kisangani anawachorea Wazungu mji wao, nao wananunua! Ukilinganisha na Hergé, tofauti ni kwamba Baruti alikwenda akaona.

Hapa kuna ubishi tulioufanya sisi kwa sisi, na haujaisha. Katika vitabu vile Giroud ndiye aliyeandika, Baruti alichora. Sasa imani yetu tunampa nani? Wengine wetu wanasema mwandishi, kwa kuwa mchoro bila hadithi ni afishi. Wengine wanasema mchoraji, kwa kuwa ndiye anayeamua uso wa mtu utalia au utanyamaza. Mfano mzuri ni Madame Livingstone ya mwaka 2014, iliyoandikwa na Christophe Cassiau-Haurie na kuchorwa na Baruti. Ni hadithi ya Vita vya Kwanza kwenye ziwa Tanganyika: rubani Mbelgiji anatumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na kiongozi wake ni chotara anayevaa sketi ya Waskoti na kusema kwamba baba yake ni Livingstone. Meli ile ni ya kweli. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wasiiache kwa adui, ikatolewa majini miaka ya 1920, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wafanyabiashara wa ziwa lile wamepanda Liemba, wamelala juu ya magunia yake ya dagaa. Ukisoma kitabu kile ukiwa mtu wa huku, kuna nyuso za wapagazi ukurasa baada ya ukurasa ambazo si za mwandishi, ni za Baruti. Ni za babu zetu waliobeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Sisi tulio upande wa mchoraji tunategemea kurasa zile. Wenzetu bado hawajakubali.

Shida ya Baruti kwetu ni moja tu. Albamu moja ya Ulaya, jalada gumu, bei yake inalisha nyumba siku nyingi. Sisi tumeisoma kwa kuazima, na tuliikuta ikiwa na alama za vidole vya mafuta, alama za heshima kabisa. Pat Masioni, mwingine wa Kinshasa, aliyeanzia kwenye vitabu vya nyumba ya Mtakatifu Paulo, akakimbilia Ufaransa mwaka 2002 na kufika mpaka kuchorea kampuni ya DC ya Marekani, huyo tunamjua kwa jina zaidi kuliko kwa karatasi.

Tugeuke sasa mashariki, kule Kiswahili kinakoandikwa kila siku gazetini. Dereva mmoja wa lori alileta Sani kutoka Dar es Salaam, tatu au nne, zimefungiwa sabuni. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuona watu wa kwenye picha wakisema Kiswahili bila mtu kututafsiria. Ndumilakuwili, Madenge, Pimbi, Kipepe, Lodi Lofa! Kiswahili chao kilikuwa kirefu kuliko chetu, kuna maneno tuliyokisia tu, lakini ucheshi wake uliingia moja kwa moja. Watu wale waliletwa kwa mkono wa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Sisi tulizisoma baada ya kifo chake, bila kujua. Wachoraji wengine walishika kalamu wakaendelea, Madenge akabaki mtukutu yuleyule, wala wasomaji hawakuwatupa. Tukikumbuka sungura wa tate, tunaelewa: msimuliaji anaweza kufa, ila anayerithi lazima asimgeuze sungura. Kabla yao, katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alikuwa na Chakubanga wake, aliyewachekesha Watanzania na kuwauma pia, wakati wa siasa za Ujamaa.

Na Kenya kulikuwa na Edward Gitau. Huyu tunamwonea wivu. Juha Kalulu wake, yule masikini mwenye tumbo lisiloshiba, alitoka kwenye magazeti ya Kiswahili, Taifa Leo hasa, kwa zaidi ya nusu karne, mpaka Gitau akawa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Alifariki mwaka 2016. Ebu hesabu: mtoto aliyemsoma Kalulu wakati wa uhuru alimsoma tena akiwa na wajukuu. Vichekesho vyenyewe ni vidogo, picha tatu au nne, njaa, ujanja, kukamatwa. Huenda siku nyingi havikuwa vya kuua mtu kwa kicheko. Lakini Kalulu alifika. Jina lenyewe linatugusa, kwa kuwa kuanzia Katanga kushuka Zambia na Malawi, kalulu ni sungura.

Na sisi wa Kivu, tuna nani? Hapo muzee anaweza kutushinda. Bede nyingi zilizofika Kibati miaka ya vita zililetwa bure na mashirika: kipindupindu, ukimwi, mabomu yaliyofukiwa, uchaguzi. Mwaka 2008, barabara ilipojaa wakimbizi na kambi zikasimama hapa kwetu kabla ya watu kuhamishiwa Mugunga, karatasi za aina hiyo zilikuwa nyingi kuliko daftari. Hatusemi zilikuwa bure za bure. Mtu aliyejifunza kuchemsha maji alipona. Lakini watoto walizisoma mara moja tu, halafu zikafunga karanga. Zembla aliyechanika alisomwa mara ishirini.

Tunajua sababu kwa karibu, kwani kijana mmoja wa kwetu, mwenye mkono mzuri, aliitwa na shirika moja achore. Alifurahi, na sisi tulijivuna. Aliandika hadithi ya mama anayeuza makala, mwenye mdomo mkali, anayekataa ushauri mpaka yanamkuta. Kazi ikarudi na maneno mapya ndani ya maputo: mama anakubali ushauri tangu ukurasa wa kwanza, anashukuru, anawafundisha jirani. Alichora vile, akalipwa, hatumlaumu. Siku kitabu kilipogawanywa hapa, msichana mmoja wa miaka kama tisa alikiangalia akauliza: "Huyu mama mbona anasema sawa afishi?" Kijana alikuwepo. Hakujibu. Mbumbulu alikuwa amerudi, safari hii amevaa kitenge.

Sanduku la bati lile, tuseme pia mwisho wake. Mwenyewe alikuwa amelihamishia mjini kutafuta wateja, na tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikapasuka, lava ikapita katikati ya Goma. Aliokoa watoto na godoro. Miezi mingi baadaye tulikuwa tunasimuliana zile bede kwa kichwa, na hapo ndipo ilipojulikana ni zipi zilikuwa za kweli. Za Mata Mata na Pili Pili tulizikumbuka mpaka picha. Kuna nyingine, zenye majalada ya kung'aa, ambazo hakuna aliyeweza kusema hata shujaa aliitwa nani. Tumekimbia tena baada ya hapo, si mara moja. Mei 2021 moto ulishuka tena upande wetu. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilizotuzunguka zilivunjwa na watu wakatawanyika na vitu vyao vichwani. Kila mara kitabu ni cha mwisho kufungwa kwenye mzigo, na ni haki yake.

Yule kijana hakuacha. Anachora sasa kwenye daftari la masomo, kwa kalamu ya bluu, na shujaa wake ni msukumaji wa chukudu anayeshusha makala mjini na kila safari anakutana na mtu wa kumlipisha kitu: huyu kodi, yule kizuizi, mwingine deni la shemeji. Maneno ni ya Kiswahili cha huku, "niko nakuya", "banatusumbua", vilevile tunavyosema. Daftari ni moja tu, hakuna kopi. Linapita nyumba kwa nyumba na linarudi kwake limepungua kingo. Ameahidi moja kila Jumamosi, na manane ya kwanza yalifika Jumamosi. La tisa lilichelewa siku nne kwa sababu alikosa kalamu. Batoto walimfuata mpaka mlangoni kumuuliza kama chukudu imepita kizuizi ama haikupita, na mmoja wao, aliyekuwa amekasirika kweli, alimwachia kalamu yake mwenyewe.